Salamu Isiyoitikiwa Marahaba

Kuchoka kuna daraja zake, na Fakhriya binti Suud alikuwa amezipanda zote. Alichoka miguu kwa ngazi za idara, akachoka macho kwa kompyuta, na mwaka ule wa 2003 wakamwongezea uchovu wa masikio. Walimletea kaseti kumi na nne kutoka Sur, zimefungwa kwa mpira ndani ya mfuko wa duka la viatu, wakamwambia azisikilize zote na ayaandike maneno yake. Idara ya turathi pale Ibra haikuwa na mtu mwingine wa kuandika Kiswahili. Wazee wanakisema vizuri lakini hawana macho ya kuandika, na vijana waliozaliwa huku wanakiburura kama gunia. Mzigo ukamwangukia Fakhriya, mwanamke wa miaka arubaini na sita, mjane, mwenye mgongo mbovu.

Ndani ya kaseti mlikuwa na lewa. Asiyeijua lewa ajue kwamba ni ngoma ya watu weusi wa pwani ya Oman. Ina zumari, ina chapuo, ina debe la kugongwa kwa vijiti, na ina msondo, ngoma ndefu inayosimama wima, nayo ndiyo bwana wa uwanja. Mpigaji wa msondo hungoja. Wenzake wote wanapiga, watu wanazunguka polepole, yeye mikono iko juu, mpaka lifike neno lake katika wimbo ndipo aishushe. Maneno yenyewe mengi ni Kiswahili kilichokuja na watu waliobebwa kwa nguvu, kikakaa Sur miaka mia hakuna wa kukipa maji. Wanaoimba hawajui wanasema nini. Wanaimba walivyoachiwa.

Mkuu wa idara, Khalaf, kijana aliyesoma nje na mwenye haraka ya kila kitu, alitaka kitabu kidogo cha nyimbo hizo kabla ya tamasha la Sur. Wapigaji wa zamani karibu wote walikuwa wamekwisha kufa, na vijana waliokusanywa kuifufua ngoma hawakuujua hata wimbo mmoja, kwa hiyo watajifunza kitabuni. Akasema anataka maneno sahihi. Alikuwa hajui anamwambia nani.

Kwa maana kusahihisha ndiyo yaliyokuwa maradhi ya Fakhriya. Alimsahihisha binti yake Lujain tangu hajaota meno. Aliwasahihisha wauza samaki. Msibani, mtu analia, Fakhriya atamngoja anyamaze kisha amwambie si "kitanda yake", ni "kitanda chake". Watu walidhani ni mtu wa Unguja mjini kwa jinsi alivyokisema Kiswahili cha kule, na yeye aliwaacha wadhani.

Hakuwa wa Unguja. Alizaliwa Tabora, baba yake akiwa na duka la vitambaa karibu na stesheni, na alikuja Oman mwaka wa 1975, msichana wa miaka kumi na minane, na sanduku moja. Wiki ya pili yeye na jamaa zake walialikwa Maskati kwa Bi Badria, mwanamke wa Unguja aliyekuwa na sebule kubwa na ulimi mkubwa zaidi. Fakhriya alipewa sinia la vikombe apitishe. Kikombe kimoja kikamponyoka, na kabla hajajizuia akasema, "Mayu wee." Ndivyo bibi yake, mama wa baba yake, alivyokuwa akisema kitu kikianguka. Bi Badria akaweka kikombe chake chini akawaambia wenzake, "Kumbe tumeletewa Mnyamwezi kavishwa buibui." Walicheka mpaka wakafutana machozi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamepoteza majumba na walitaka kitu cha kuchekea. Lakini Fakhriya tangu siku ile alikisugua Kiswahili chake kama sufuria lililoungua, kisibaki na hata doa moja la bara.

Na bibi yule, Bibi Kabula, akaondoka pamoja na madoa. Walipoulizwa ukoo katika ofisi za karatasi walitaja baba, baba wa baba, baba wa babu, mpaka kabila likapatikana. Bibi hana mstari katika karatasi kama zile. Fakhriya hakumtaja kwa mumewe na hakumtaja kwa Lujain.

Sasa kaseti ya tisa. Sauti ilikuwa ya mzee Mahrous, mpigaji msondo wa mwisho wa zamani, aliyerekodiwa barazani kwake akiimba peke yake. Fakhriya alikuwa amekwenda kumwona mara moja kuuliza majina ya nyimbo. Alimkuta mzee mrefu, mweusi, jicho moja lina ukungu, magoti yamevimba. Alimwamkia, "Shikamoo, mzee," na mzee akamjibu kwa Kiarabu kwamba Mungu amsalimishe. Alipoondoka akamuaga kwa shikamoo tena, na mzee akamjibu vilevile. Fakhriya alikereka. Mzee alikuwa baharia ujanani, safari kumi na moja za Unguja, hawezi kuwa hajui marahaba. Akasema moyoni, hata mzee naye anataka kufunzwa adabu.

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi. Kiongozi anasema jua limetoka naye kasimama mlangoni, halafu anatamka maneno mawili, na watu huyarudisha, ila katika kaseti mzee aliyarudisha mwenyewe: mangaluka mayu. Fakhriya alisimamisha kaseti. Akairudisha nyuma. Akaisikia tena.

Hakuna mtu mwingine Oman nzima, pengine, ambaye angeletewa kaseti ile akaelewa. Mwangaluka mayu. Alilisema neno hilo kila siku ya utoto wake, akiwa amepiga goti kwenye udongo mbele ya Bibi Kabula, kabla ya uji. Si Kiswahili, ni Kinyamwezi. Alijua maana yake, alijua linasemwa na nani kwa nani, na alijua pia kwamba akiliandika, Khalaf atauliza ni nini na yeye kalijuaje. Basi akafanya alilozoea. Akatafuta neno la Kiswahili safi lenye maana inayokaribia, akahesabu mizani kwa vidole, ikatoka sita kwa sita, akaandika: shikamoo mama. Alijisikia fundi. Kitabu kikachapwa nakala elfu moja, na jalada la rangi ya kahawia.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa siku mbili kabla ya tamasha, baada ya sala ya alasiri, katika uwanja wa nyuma wa shule moja ya Sur. Lujain ndiye aliyemwendesha mama yake, saa mbili za njia, joto limekaa kwenye viti. Vijana walikuwa wamejipanga, na mbele yao Yazeed, mjukuu wa mzee Mahrous, fundi wa kiwanda cha gesi, aliyewafundisha miezi mitano akiwa na kitabu mkononi. Mzee mwenyewe miezi hiyo alikuwa hospitali na kitandani kwa ajili ya magoti. Siku ile ndiyo kwanza analetwa. Walimkalisha juu ya kiti kirefu, wakamsogezea msondo wake, akaupapasa ngozi yake kama mtu anayempapasa mjukuu aliyekua.

Walianza. Zumari lililia, chapuo zikafuata, debe likagongwa, vijana wakazunguka. Mzee akainua mikono. Kiongozi akaimba jua limetoka, akaimba nimesimama mlangoni, akaimba shikamoo mama, na wote wakarudisha shikamoo mama. Mikono ya mzee ilibaki juu. Wakazunguka tena, wakaimba tena, mikono ikabaki juu, na sasa ilikuwa inatetemeka. Mara ya tatu zumari likakata lenyewe. Yazeed akamwinamia babu yake kumwuliza kama ni magoti.

Mzee aliuliza nani kaliondoa neno. Kitabu kikaletwa, kikasomwa, na Khalaf, ambaye alikuwa na simu mbili na zote zinalia, akamwita Fakhriya aje aeleze. Fakhriya akasogea. Akasema kaseti ilikuwa imechakaa, na neno lile halikuwa Kiswahili, halikuwa na maana, ndiyo akaweka lenye maana.

"Najua si Kiswahili," Mzee Mahrous akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini, kimechanganyika na Kiarabu cha Sur. "Zinjibari nimeuliza watu kila safari, wallahi, wakinicheka. Lakini wewe si wa Zinjibari, binti Suud. Nimeambiwa baba yako alikuwa na duka bara. Hulijui?"

Watu ishirini walikuwa wakimtazama, na binti yake mmojawapo.

"Silijui, mzee," Fakhriya akasema.

Khalaf akaingia kati kwa upole. Akamweleza mzee kwamba kitabu kimekwisha kuchapwa, televisheni wanakuja, na tena shikamoo ni neno zuri, ni salamu ya heshima. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, naye zilikuwa zimemwisha.

"Heshima ya nani, mwanangu? Shikamoo mama yangu alikuwa akiisema kutwa. Kwa mabwana, kwa watoto wa mabwana, kwa wageni wao. Hiyo ilikuwa ya kwao. Hili lilikuwa letu sisi wawili tu, mpaka nilipokua nikalitia katika wimbo. Huku wakimwita Zafarani na mimi wakaniita Mahrous, lakini akiniamsha alikuwa haniiti Mahrous. Akiniita Mangaluka. Ndilo jina langu la kule kwao. Alikufa nina miaka saba, sikupata kuuliza zaidi." Akaishusha mikono yake juu ya mapaja. "Khalas, imekwisha. Pigeni nyinyi. Mimi mkono wangu hauendi kwa shikamoo."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Walipita Al Kamil, wakapita kituo cha mafuta cha Al Mintirib ambapo magari ya watalii yalikuwa yamejipanga yakiosha mchanga. Walipokaribia Al Qabil Lujain akauliza, kwa Kiswahili chake kile cha kubahatisha, "Mama, ile maneno ya mzee, wewe unajua, siyo?" Lilikuwa kosa la wazi kabisa, maneno ni "yale", na kwa mara ya kwanza katika maisha yao mama hakusahihisha. Lujain akapunguza mwendo akamtazama. Kwake hilo lilikuwa jibu.

Fakhriya hakulala vizuri, na kesho yake alifika kazini akakaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Lililomsumbua halikuwa uongo peke yake. Uongo ungetibika kwa kusema kweli. Lakini kweli yenyewe ilikuwa na makali: lile si jina. Mzee ameishi miaka sabini na kitu akiamini kwamba ana jina la pili lililofichwa ndani ya wimbo, jina ambalo hakupewa na aliyemnunua mama yake, na Fakhriya ndiye atakayekwenda kumwambia kwamba ni salamu, neno ambalo Tabora hata muuza karanga anakuambia. Akinyamaza, mzee atakufa na jina lake, lakini wimbo utakufa kabla yake. Akisema, atampa kitu na kumnyang'anya kitu. Alilia kidogo, pale pale mezani, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu Bibi Kabula alikuwa na kawaida ya kumbakizia ukoko wa uji.

Siku ya tamasha walitoka Ibra baada ya sala ya alfajiri. Alimwambia Lujain ni lazima wafike asubuhi, jioni haifai. Saa moja na nusu walikuwa mbele ya nyumba ya mzee Mahrous, nyumba ya matofali isiyopigwa rangi, mlango uko wazi. Mzee alikuwa barazani na kikombe cha kahawa, peke yake. Fakhriya akavua viatu. Magoti yake nayo hayakuwa ya kujivunia, lakini akayakunja, akapiga goti moja kwenye saruji, akaweka viganja pamoja kama alivyofunzwa.

"Mwangaluka, baba," akasema.

Kikombe cha mzee kilisimama njiani. Lile jicho zima likamtafuta, likampata pale chini. Lujain, aliyesimama mlangoni na funguo za gari, hakuthubutu kuzitikisa.

"Umeniita," mzee akasema mwishowe.

"Nimekuamkia. Nilikudanganya juzi. Neno nalijua, ni lugha ya bibi yangu mzaa baba, Mnyamwezi wa Tabora, niliona haya kumtaja. Mzee wangu, si jina. Ni salamu ya asubuhi. Mayu ni mama. Mama yako alikuwa hakuiti. Alikuwa akikufundisha: ukiamka, sema mwangaluka mayu. Alikuwa akitaka umwamkie."

Akangoja. Alijiandaa kwa lolote, kwa kufukuzwa hata. Mzee aliweka kikombe chini polepole, akakosa kisahani, kahawa ikamwagika, hakuiangalia.

"Salamu ya asubuhi."

"Ya asubuhi."

"Na sisi tukiipiga harusini, baada ya isha." Akatikisa kichwa, na kitu kama kicheko kikamtoka kifuani. Kisha kicheko kikageuka na akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Aliposema tena sauti ilikuwa ya chini. "Nikadhani najitaja mimi. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nikimwamkia mama yangu."

"Kila ulipoimba," Fakhriya akasema.

"Basi sikumkosea adabu hata siku moja."

"Hata siku moja."

Mzee akafuta jicho. Jina lilikuwa limekwenda, na Fakhriya aliona limekwenda, kwa maana mabega yake yalishuka. Lakini baada ya kitambo akauliza, na aliuliza kama mtu mwenye shughuli, mtu akiamkiwa hivyo huitikia vipi? Mama alikufa kabla hawajafika huko. Fakhriya akamwambia kwao hakuna marahaba, hakuna aliye juu na aliye chini. Unaitikia kwa neno lilelile ulilopewa. Mzee akalipima hilo. Akakumbuka kwamba ndivyo wimbo ulivyo, mmoja anatamka na wengine wanarudisha. Akamtazama yule mwanamke aliyepiga goti na kumwambia, akijaribu kila silabi, "Mangaluka, mayu," na akamwambia ainuke, saruji itamuumiza.

Uwanjani, kabla watu hawajajaa, Fakhriya alimkabili Khalaf. Akamwambia mbele ya vijana wote kwamba alilijua neno, kwamba kaseti haikuwa na kasoro yoyote, na kwamba kitabu chake kina uongo ukurasa wa kumi na tisa. Khalaf akauliza nakala elfu moja atazifanya nini. Fakhriya akasema atazisahihisha kwa kalamu moja moja, mkono ni wake. Khalaf akamtazama usoni, akaenda kujibu simu.

Yazeed alikuwa na swali moja tu. Alikuwa kijana wa kiwanda, anataka kipimo. Aliuliza waimbe mangaluka, kama babu, au mwangaluka, kama alivyotamka yeye, maana lipi ndilo sahihi?

Lujain akamtazama mama yake akingoja. Fakhriya alifungua kinywa, akakifunga.

"Imbeni kama anavyosema babu yako," akasema.

Waliimba alasiri, jua likiwa bado kali. Kiongozi akasema jua limetoka, akasema nimesimama mlangoni. Mikono ya mzee Mahrous ilikuwa juu. Kiongozi akatamka neno, vijana wakalirudisha, na mikono ikashuka. Msondo ulisikika mpaka barabarani. Upande wa wanawake, mama mmoja aliyekaa na Fakhriya alimwinamia akamwuliza ile lugha gani. Fakhriya akamwambia ni ya bibi yake, Kabula binti Masanja, wa Tabora, na alilisema jina lote, kwa sauti, kwa sababu ngoma ilikuwa kubwa na alitaka Lujain asikie. Kisha duru ikarudi, neno likatamkwa tena, naye akaitikia.